Maswali Mabichi ya Namkunda

Swali la kumi na mbili liligoma kuja.

Kajiru Senkondo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko tangu jua lilipoanza kuutoboa ukungu, daftari magotini, penseli aliyoichonga kwa panga ikiwa mdomoni. Alitazama migomba. Alitazama kuku. Alitazama moshi wa jirani ukipanda. Alikuwa akitafuta mahali ambapo dunia imetoboka, maana maswali hutokea hapo. Ndivyo marehemu mkewe, Naelijwa, alivyokuwa akisema. Asubuhi hiyo dunia haikuwa na tundu hata la sindano.

Kumi na moja alikuwa nayo tayari. Aliyaandika kwa miezi mitatu, kwa herufi kubwa zinazoegemeana kama watu wanaotoka kilabuni. Darasa la tatu halikumpa zaidi ya hizo. Mwalimu wao alichukuliwa katikati ya mwaka akasimamie uchaguzi, asirudishwe, na mpaka leo, miaka hamsini na nane kichwani, Kajiru hakuwa amewasamehe wakubwa kwa hilo. Ila safari hii ubaya wa mwandiko ulimfaa. Ulifanana na mwandiko wa mtoto wa miaka tisa, na maswali yale yalitakiwa yawe ya mtoto wa miaka tisa.

Mtoto mwenyewe alikuwa chini kidogo, ukingoni mwa shamba la tangawizi, amepiga magoti matopeni. Namkunda. Yeye na Naelijwa walimpata uzeeni, walipokwisha kata tamaa na kuanza kumwita mbuzi wao mwanangu. Wiki ya sita sasa alikuwa akijenga ndiva yake mwenyewe. Kule mlimani ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo: kijito hulijaza usiku, asubuhi zibo huvutwa, maji yakashuka kwa mifereji, kila ukoo ukapata zamu. Kajiru alikuwa mvuta zibo kwa miaka ishirini na moja, mpaka wakubwa walipoleta lango la chuma linalojifungua lenyewe na kumpa cheti cha shukrani. Cheti aliziba nacho tundu la panya.

Ndiva ya Namkunda ilikuwa na upana wa ungo. Kando yake, juu ya jiwe refu, alikuwa amepanga makopo matatu yaliyotobolewa kwa msumari: moja tundu lake juu, moja katikati, moja chini kabisa. Alijaza, akaachia, akatazama mchirizi wa maji unaangukia wapi, akaweka kokoto pale ulipoangukia. Akajaza tena. Jana alikuwa amemwonyesha baba yake kichaka cha mianzi kwa kidole, na baba akaenda akakata mwanzi, akauleta, akaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yao. Naelijwa aliiacha kwa maneno machache: mtoto akisimama, simama naye, akiinama, inama, usimtangulie.

Kajiru aliinama. Alikuwa amekata mwanzi. Lakini miezi sita sasa Namkunda hakuwa ameuliza kitu.

Si kwamba alikuwa bubu. Alisema chumvi imeisha. Alisema kuku mwekundu anataka kuatamia. Alisema lala salama baba. Sentensi zake zote zilikuja zimelala chini, hakuna hata moja iliyoinua mkia. Na kwa nyumba kama yao, hilo lilikuwa jambo la kupoteza mtoto.

*

Watoto wa milima ile, na wa tambarare, na wa nchi nzima, walivaa shanga. Ilipandikizwa nyuma ya sikio mtoto akitimiza miaka sita, ndogo kama punje ya mtama, na kwa kupitia hiyo Ghala ilisema nao. Ghala ilikuwa na majibu yote. Mtoto hakuwa na haja ya kuuliza. Jibu lilimfikia swali likiwa bado linaumbika, akawa kama mtu anayelishwa kabla ya njaa. Shule zikafungwa, madawati yakawa kuni. Wakubwa wakapongezana.

Ikapita miaka kumi na kitu ndipo walipogundua kuwa Ghala inasota. Majibu yaleyale yalizunguka mle ndani kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiiletea jambo jipya. Waliopaswa kuuliza walikuwa wameshiba. Hapo ndipo ikaja sheria ya Nyumba za Maswali. Nyumba moja moja, hapa na pale, iliruhusiwa kubaki na mtoto asiye na shanga, ajifunze nyumbani, afuate apendacho, na kila miezi mitatu nyumba hiyo itoe maswali mabichi kumi na mawili. Bichi maana yake ambalo Ghala haina jibu lake. Nyumba ikishindwa, inafutwa. Mtoto anapandishwa gari la bweni la watoto wa nyumba zilizofutwa, anapandikizwa shanga, anarudi likizo akijua kila kitu.

Naelijwa ndiye aliyeomba. Kajiru alitia dole gumba tu. Kwa miaka mitatu Afisa alipokuja na mashine yake ya kusikilizia, Namkunda aliimwagia maswali mpaka ikapata moto. Kwa nini konokono hapotei njia na nyumba yake anayo mgongoni? Mwangwi hukaa wapi usipoitwa? Maswali thelathini, arobaini. Afisa alikuwa akiondoka anacheka.

Kisha Naelijwa akaanza kuchoka. Zahanati ya kata ilikuwa imeshaondolewa nesi na kuwekewa kabati la dawa linalosema, lililounganishwa na Ghala hiyohiyo. Kabati likamwuliza kama ana homa, hana. Kama anakohoa, kidogo. Likampa vidonge vya uchovu. Wiki tatu baadaye alifariki akiwa amekaa, kwa kuwa kulala kulimnyima pumzi, na miguu yake ilikuwa imevimba kama mihogo. Bibi wa jirani mmoja, aliyewahi kufagia hospitali enzi za zamani, alitazama miguu ile msibani akasema nesi yeyote angeuliza miguu ikoje, akajua ni moyo.

Namkunda alisikia. Afisa alipokuja mara iliyofuata, mtoto alisogea mbele ya mashine na swali moja tu: kwa nini kabati halikumwuliza mama habari ya miguu?

Mashine ikafikiri, ikawasha taa nyekundu. "Swali hili limekwisha jibiwa," ikasema.

"Jibu ni nini?" Kajiru alidakia.

"Majibu hupatikana kwa shanga, mzee," Afisa alisema, macho chini. Siku hiyo hakucheka, na awamu ile akaipitisha hivyohivyo.

Tangu hapo Namkunda alifunga. Awamu iliyofuata Afisa, kwa kuheshimu msiba, alikubali kupokea maswali yaliyoandikwa daftarini, na Kajiru akayaandika yeye, kumi na mawili, uso mkavu kama wa mwizi wa kuku. Yakapita yote. Hii ilikuwa awamu ya pili ya wizi huo.

*

"Hodi huko. Baba Namkunda, bado unawaandikia serikali barua?"

Alikuwa Mama Elineema, jirani wa upande wa juu, tenga la tangawizi kichwani, binti yake nyuma.

"Naandika wosia," Kajiru alisema. "Nakuachia kuku wote wanaokula mboga zako."

"Hao nimeshawarithi wawili. Ulikuwa hujui?" Akatua tenga, akapunguza sauti. "Afisa yuko kwa mtendaji tangu jana. Kaja na gari la bweni, lile lenye viti vya pembeni."

Penseli ilitoka mdomoni.

"Wanasema kuna nyumba moja maswali yake yana harufu ya utu uzima. Safari hii hawachukui daftari peke yake. Mtoto atasimama mwenyewe mbele ya mashine aseme hata moja bichi, kwa kinywa chake. Moja tu linatosha. Asiposema…" Akaitupia macho barabara. "Kesho saa nne. Usije ukasema nimekwambia mimi."

"Nitasema kabati la dawa limeniambia. Maana hilo kwa kusema halijambo."

Mama Elineema hakucheka. Alikuwa ametazama chini, ambako binti yake amesimama kando ya makopo ya Namkunda. Elineema alikuwa mtoto mzuri, mpole, nywele zimechanwa. Hakuna aliyemwuliza kitu.

"Tundu la chini hurusha mbali zaidi," alisema kwa sauti iliyonyooka, "kwa sababu maji yaliyo juu yake yana uzito, na uzito huo unasukuma."

Namkunda aliinua kichwa. Kajiru aliuona uso wake kutoka pale mlangoni, na hakuwa na jina la kilichokuwamo. Labda mtu aliyevizia chungu tangu asubuhi, akatoka kidogo kuteka maji, akarudi akakuta mgeni analamba mwiko, ndiye huwa na uso ule. Mtoto akaokota kokoto zake zote, moja moja. Akazirudisha mtoni.

"Si kosa lake," Mama Elineema alisema kwa haraka. "Inamtoka tu. Hata usingizini."

"Najua," Kajiru alisema. "Si kosa la mtoto hata mmoja katika nchi hii."

*

Mchana huo alifanya jambo aliloapa hatalifanya. Alimtangulia.

Alimkalisha jikoni, mbele ya mafiga, akafungua daftari. "Kesho yule Afisa atakuja. Atakuambia uliza. Utasema hili." Akasoma, kidole kikifuata mstari: "Kwa nini chai ya mtu mmoja hupoa upesi kuliko ya watu wawili, na birika ni lilelile, na moto ni uleule?"

Namkunda alimtazama.

"Sema."

"Kwa nini chai ya mtu mmoja hupoa upesi kuliko ya watu wawili na birika ni lilelile na moto ni uleule."

"Mwisho upandishe sauti. Kama mtu anayetaka kujua."

Akasema tena, akapandisha pale alipoelekezwa. Akasema mara ya tatu. Kajiru akafumba macho ili asikie vizuri, na kilichomjia masikioni kilikuwa Elineema. Sauti ileile iliyopigwa pasi. Neno limewekwa mdomoni na mtu mwingine, na mdomo unalibeba tu, kama punda asiyejua gunia lina nini.

Moto ulikuwa ukifa na hakuuchochea. Miaka yote aliwatukana wale wa ofisini waliotoboa masikio ya watoto, na leo hii, kwenye jiko la Naelijwa, alikuwa amechonga shanga ya mate yake mwenyewe. Ya kwao angalau ilikuwa na ganzi. Lakini angefanyaje? Akinyamaza, gari linampakia mtoto. Akimlisha maneno, anabaki nyumbani, na anayebaki ni nani? Angemwuliza Naelijwa. Naelijwa angejua. Ndipo alipokumbuka kwa mara ya elfu kwa nini Naelijwa hayupo wa kuulizwa, na hasira ikampanda ikakuta hakuna mtu pale wa kuipokea.

"Nenda ukacheze," alisema.

Namkunda alisimama, akakung'uta gauni. Mlangoni akageuka. Kajiru alidhani atauliza kitu. Mtoto akasema, "Chumvi iliyobaki inatosha leo tu," akatoka.

Hakwenda kwenye makopo. Alikaa chini ya mgomba, akachora mfereji kwa kijiti, akaufuta, akachora.

*

Afisa aliitwa Tusekile, mwanamke wa makamo mwenye suti ya kijivu na viatu vilivyokwisha kuzoea matope. Alishuka garini peke yake. Dereva alibaki na injini inanguruma, mlango wa nyuma wazi, viti vya pembeni vinaonekana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwambie dereva azime. Kuku wangu hawajazoea vitisho."

Afisa aligeuka akaashiria, injini ikazimwa. Waliingia sebuleni. Akaweka mashine mezani, kitu cheusi kama chungu kilichofunikwa, taa mbili usoni. Wenyewe waliiita Sikio. Namkunda alikaa kwenye mkeka, miguu ameikunja chini yake, mikono mapajani. Alikuwa ameoga bila kuambiwa.

Afisa alifungua daftari, akavaa miwani. Hakusoma kwa haraka. Alipofika la tano alirudi la nne. Alipofika la tisa alivua miwani, akaipangusa, akavaa tena.

"Mzee, miaka saba nakusanya maswali kwenye wilaya tatu," alisema. "Nina watoto thelathini na wanne. Wanauliza habari za vyura, za mwezi, za Mungu, za mavi. Nyumba hii kwa awamu mbili haijauliza habari ya chura hata mmoja."

"Vyura wamehama. Lango lenu la chuma linawakata miguu."

"Sikiliza hili. La sita." Akasoma: "Kwa nini nguo ya mtu aliyesafiri huisha harufu yake siku ile unapoitafuta, na siku ambayo hukuitafuta iko?" Akafungua ukurasa. "La nane. Kwa nini mlango hupiga kelele ileile, na sikio linajua kuwa si yeye?" Akashuka mistari kwa kidole. "Na hili la kumi na moja. Kwa nini upande mmoja wa kitanda hukawia kupata joto, hata ukihamia ukaulalia?"

Huko nje kuku mmoja alikuwa akitangaza yai.

"Namkunda, mwanangu," Afisa alisema, "kitanda chako kina upana gani?"

Mtoto akanyoosha mikono. Ulikuwa upana wa mtoto mmoja.

"Kina pande ngapi za kulalia?"

Namkunda alikuwa ameacha kumtazama Afisa tangu la sita. Alikuwa akimtazama baba yake, na Kajiru akahisi kama mtu aliyevuliwa shati hadharani. Tangu msiba alikuwa amemficha mtoto huyu. Mbele yake alitukana kabati, alitukana kata, alitukana wilaya, alipasua kuni kwa hasira mpaka wakawa nazo za mwaka mzima. Kulia alilia mferejini, maji yakichukua. Alidhani hivyo ndivyo baba anavyofanya. Alipokuwa akiandika lile swali hakulidhania kuwa linasema kitu. Alikuwa anatafuta tundu, basi, na hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na mkono.

Sasa ndio wakati, alijiambia. Mwashirie. Aseme lile la chai.

Namkunda alikuwa tayari. Kajiru aliona kifua chake kikivuta pumzi ya kuanza, midomo ikijipanga kwa *kwa nini*, uso ukinyooka na kuwa laini kama wa Elineema.

"Usiseme," alimwambia. Akamgeukia Afisa. "Maswali ni yangu. Yote. Ya awamu ile na ya hii. Mtoto hajaniuliza kitu tangu mlipomwambia limejibiwa."

Afisa hakuonyesha kushangaa. Alifunga daftari polepole. "Sheria haina nafasi ya maswali ya mtu mzima, mzee."

"Sheria yenu haina nafasi ya mambo mengi. Mlimjibu mtoto kwa taa nyekundu. Nionyeshe hilo jibu. Miezi sita nalisubiri. Liko wapi?"

"Nililitafuta," Afisa alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Si kazi yangu, lakini nililitafuta. Lipo, kweli. Mtoto ameuliza kwa nini kabati halikuuliza habari ya miguu. Ghala imeandika: kwa sababu swali hilo halikuwamo."

Kajiru alicheka. Hakikuwa kicheko cha kupendeza. "Hilo ndilo jibu?"

"Hilo ndilo."

"Na limehesabiwa kuwa ni jibu."

"Ndiyo, mzee."

Akamtazama yule mwanamke na kwa mara ya kwanza akaona kuwa amechoka, kuwa mkono wake ulioshika kalamu una vidole vya mtu anayelima. Ilimuudhi. Ni rahisi zaidi kuchukia mtu asiye na vidole.

"Amri niliyonayo," Afisa alisema, "ni kwamba mtoto atoe swali moja bichi mwenyewe, au niondoke naye. Dereva ni shahidi, Sikio ni shahidi. Siwezi kufanya lingine. Namkunda, una swali?"

Taa zote mbili za Sikio zilikuwa zimezimwa, tundu lake la kusikia limeelekezwa mkekani. Kajiru alihesabu pumzi, kama Namkunda alivyokuwa akihesabu maji. Kumi. Kumi na tano. Alianza kupanga kichwani gauni lipi litawekwa begini, na kwamba begi lenyewe lina zipu mbovu, na kwamba jioni hiyo atakuwa peke yake na chai ya mtu mmoja.

Namkunda aliinuka kwenye mkeka. Alimpita Afisa, akaipita mashine kama kigoda kilichowekwa njiani, akasimama mbele ya magoti ya baba yake. Paji lake la uso lilikuwa limekunjamana, kama lilivyokunjamana kopo la katikati lilipotoa mchirizi asioutegemea.

"Baba," alisema. "Ni upande gani?"

Kajiru hakuelewa.

"Wa kitanda. Usiopata joto. Ni upande gani?"

Sauti iliinua mkia. Hakuna aliyeifundisha. Nyuma ya mtoto Sikio ilinguruma kwa ndani, ikafikiri, ikafikiri tena, na taa ya kijani ikawaka.

"Swali bichi," ikasema. "Ghala haina jibu."

Afisa alitoa pumzi iliyokuwa imemkaa muda mrefu. Akaandika. Kajiru aliiona tarakimu kutoka pale alipokaa: moja. Ilikuwa imesimama peke yake katikati ya karatasi, lakini ilikuwa imesimama.

"Ghala inaomba jibu," Sikio ikasema.

"Mjibu, mzee," Afisa alisema kwa upole. "Swali bichi likiwa na mwenye jibu hapohapo, jibu nalo linachukuliwa. Ni utaratibu. Sema tu, tumalize."

Angesema. Neno moja tu, na lingeingia mle kwenye chungu cheusi, na kesho kila mtoto nchini angekuwa nalo nyuma ya sikio bila kulitafuta: upande gani, wa nani, kwa nini. Elineema angelitamka njiani, mpole, nywele zimechanwa. Na Namkunda angeokota kokoto zake.

"Swali mmelipata," Kajiru alisema. "Jibu ni letu."

"Ni kosa, mzee. Nitalazimika kuandika kuwa umekataa. Awamu ijayo watakuja wengine, si mimi peke yangu."

"Andika. Mwandiko wako mzuri, wewe ulisomeshwa."

Alisimama, magoti yakalia, akamshika mtoto mkono. Kwenda chumbani zilikuwa hatua sita. Alifunga mlango nyuma yao, na mlango ukapiga kelele yake ileile.

Chumba kilikuwa na dirisha dogo na kitanda cha futi nne na nusu, kimetandikwa upande mmoja tu vizuri. Namkunda hakuwa ameingia humu tangu msiba. Alisimama akatazama shuka, mto mmoja wenye bonde la kichwa na mwingine uliovimba, mpya kama wa dukani.

"Wa ukutani," Kajiru alisema. "Mama yako alilala ukutani. Alisema akilala upande wa nje ataanguka."

Mtoto alipanda kitandani kwa magoti. Aliweka kiganja upande wa nje, akangoja. Akakiweka upande wa ukutani, akangoja zaidi. Kisha akalaza shavu pale, macho wazi, na akakaa hivyo muda ambao ndiva yake ndogo ingejaa na kuisha mara mbili. Kajiru hakumtangulia. Alikaa ukingoni, upande wake.

Kupitia ukutani, sauti ya sebuleni ilikuja ikiwa imefifia, bila kuchoka: Ghala inaomba jibu. Ghala inaomba jibu.

"Ni kweli," Namkunda alisema hatimaye, shavu bado liko shukani. Akavuta kamasi. Akafikiri. "Lakini kiganja kinaweza kudanganya. Tutapimaje?"

"Sijui," Kajiru alisema. "Unahitaji nini?"